Simu Mbili Kwenye Posa ya Dativa

Katika kata nzima ya Nyanga, Mzee Bartholomayo ndiye aliyekuwa wa kwanza kutangaza kwamba roboti wataitawala dunia. Alisikia kipindi redioni asubuhi moja akisubiri chai, na kufikia jioni alikuwa amekwisha kuwaeleza majirani wote, nyumba kwa nyumba, kwa sauti ileile aliyoitumia miaka mingi alipokuwa katekista. Hakuwa na huzuni hata kidogo. Alikuwa na ile furaha ya mtu anayeleta habari mbaya ambazo wengine hawajazipata.

Aliyembishia alikuwa mmoja tu, rafiki yake Umedbhai, mwenye duka la vifaa vya ujenzi katika kata ya Bakoba, mjini Bukoba. Umedbhai alizaliwa Bukoba, baba yake alizaliwa Bukoba, na ndugu zake walipohama mmoja baada ya mwingine yeye alibaki, akisema hajui pengine pa kupata matoke. Kila Jumamosi Bartholomayo alishuka mjini, akakaa kwenye benchi mbele ya duka, na mjadala ukaanza.

"Umedi, wameshatengeneza mashine inayofikiri," alisema. "Inaandika, inachora, inatibu. Leo inakushauri, kesho inakuamuru. Keshokutwa mimi na wewe tutakuwa tunachunga kuku wake."

"Roboti anakula kuku?"

"Usinichekee. Wataitawala dunia."

Umedbhai alifunga kopo la misumari, akajifuta mikono. "Sawa, Katekista. Wataitawala dunia yote. Halafu siku moja watafika Bukoba. Watu wa hapa watawauliza: ninyi mmesoma wapi? Shahada yenu ya nini? Ya pili mmechukulia nchi gani? Jioni hiyohiyo watapanda meli warudi kwao."

Bartholomayo hakupenda mambo mazito yafanyiwe mzaha, lakini Jumamosi iliyofuata alirudi.

Sasa, mzee huyu alikuwa na sifa nyingine kubwa kuliko ya roboti. Alikuwa mshenga. Ukoo ukitaka kumposea kijana wao, ulimfuata yeye. Alijua kuingia nyumba ya watu akionekana mnyonge na kutoka na binti yao pamoja na heshima yake. Alijua kutukana kwa maneno ambayo anayetukanwa anayacheka kwanza, kisha anayaelewa akiwa kitandani. Lakini miaka ilikuwa imeanza kumchezea shere. Majina yalimponyoka. Katika posa moja kule Buhembe alisimama vizuri, akasema vizuri, na ilipofika kumtaja bwana harusi akamtaja kwa jina la mbwa wa jirani. Watu walicheka wakidhani ni mbinu. Yeye alijua si mbinu, na tangu siku hiyo akaanza kukataa mialiko, akisingizia magoti.

Mwaliko ambao hakuweza kuukataa ulikuwa wa Ildefons, mtoto wa marehemu kaka yake, mwalimu wa fizikia katika sekondari moja mjini. Ildefons alitaka kumwoa Dativa, binti aliyeuza dawa katika famasi moja Bukoba lakini kwao ni Kamachumu, upande wa Muleba.

"Mshenga wao ni nani?" Bartholomayo aliuliza.

Ildefons alitazama chini. "Ni babu yake mdogo, baba. Mzee Mutalemwa."

Bartholomayo alisimama, magoti yote mawili yakiwa mazima kabisa.

Yeye na Mutalemwa walikwisha kukutana, miaka mingi nyuma, katika posa ya watu wengine. Mutalemwa, aliyekuwa karani wa mahakama, alisema watu wa Bukoba huja na maneno makubwa kuliko mbuzi wao. Bartholomayo akajibu kwamba hilo si ajabu, maana mbuzi wa Muleba ni wadogo kuliko maneno ya mtoto. Kutoka hapo mambo yakapanda. Kabla jua halijatua, upande wa mwanamume ulikuwa umeondoka na pombe yake, na vijana wawili waliokuwa waoane kila mmoja akaja kuoa au kuolewa kwingine. Washenga wote wawili walihesabu siku ile kuwa ushindi.

"Ndiyo maana nimekuletea hiki, baba mdogo," alisema Ildefons, akafungua kiganja. Ndani kulikuwa na kidude cheupe, kidogo kama punje ya harage. "Kinakaa sikioni. Kimeunganishwa na simu, na ndani ya simu kuna akili mnemba. Inasikia yanayosemwa. Ukikwama, inakunong'oneza."

"Ni roboti."

"Si roboti. Ni programu tu. Haina hata mikono wala miguu."

"Shetani naye hana."

Lakini alikichukua. Akakitia sikioni kwa tahadhari, kama mtu anayeingiza mdudu mwenyewe. Ildefons akamwambia aulize chochote. Mzee akafikiri, akauliza swali gumu: upande wa mwanamke wakisema ua lao limeshachumwa, ujibu nini? Sauti ya mwanamke, laini, yenye Kiswahili cha mtu aliyekulia pasipojulikana, ikamjibu. Bartholomayo alisikiliza mpaka mwisho. Akatoa kidude sikioni, akakitazama kwa muda.

"Anaijua kazi yangu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyerudi nyumbani akamkuta mwizi amepanga vyombo.

Hakulala vizuri kwa kuwaza. Lakini alipokumbuka yule mbwa wa jirani, alikubali.

Siku ya posa waliondoka mapema kwa pikapu ya Umedbhai, ambaye Bartholomayo alimtaka awepo kama shahidi. Walibeba lubisi, pombe ya ndizi, katika madumu safi, mikungu ya ndizi, na mbuzi mmoja wa salamu aliyelia njia nzima mpaka Muleba. Kamachumu kulikuwa na baridi. Nyumba ya akina Dativa ilikuwa katikati ya shamba la migomba na mibuni, na uwanjani nyasi mbichi zilikuwa zimetandazwa kwa ajili ya wageni. Wazazi wa Dativa walikaa nyuma. Kwa desturi siku kama hiyo wao hawasemi. Bibi yake, Felicitas, mama mzaa baba, alikaa mbele kwenye kiti chenye mto, fimbo mapajani. Kando yake alikaa Mutalemwa, amevaa kofia ya sufu iliyoshuka mpaka masikioni.

Baridi hii imemzeesha, aliwaza Bartholomayo, na akafurahi kidogo.

Wageni waligawiwa kahawa ya kutafuna, salamu zikaenda na kurudi, kisha Bartholomayo akasimama. Watu walisogea mbele. Waliokuwepo kwenye posa ile ya zamani walikuwa wamewahadithia wasiokuwepo, na wengine walikuja kwa sababu hiyo tu.

"Wazee wetu," alianza, kidude kikimnong'oneza sikioni, "kabla ya yote, niwapongeze kwa mapokezi haya mazuri. Yanaonyesha mambo matatu: upendo, utamaduni na mshikamano."

Watu walitazamana. Mutalemwa alisubiri kidogo, kana kwamba anasikiliza kitu mbali, kisha akasimama.

"Nashukuru kwa maneno hayo yenye busara," alisema. "Ninaelewa kabisa hisia zako. Nasi tungependa kusema kwamba ujio wenu una umuhimu katika maeneo makuu matatu."

Umedbhai, aliyekaa nyuma, aliacha kutafuna kahawa.

Ikaendelea hivyo. Bartholomayo akisema jambo, Mutalemwa anasema hilo ni jambo zuri sana. Mutalemwa akiuliza, Bartholomayo anamsifu kwa kuuliza. Walipofika kwenye mahari, mambo yakawa ya ajabu zaidi. Mutalemwa alitaja mbuzi. Bartholomayo akasema, kwa kuzingatia thamani ya binti, upande wake uko tayari kuongeza. Mutalemwa akasema, kwa kuzingatia ujenzi wa familia changa, upande wake uko tayari kupunguza. Bartholomayo akaongeza tena. Mutalemwa akapunguza tena. Baba yake Dativa alianza kukohoa huko nyuma, na shangazi yake Ildefons akashika kichwa.

"Hawa ni wagonjwa," mama mmoja alinong'ona. "Wote wawili."

Hapo mapatano yakawa karibu kufungwa, na kibuyu cha lubisi kikaletwa. Bartholomayo aliinama kukipokea kwa mikono miwili kama inavyopasa. Alipoinama, kile kidude kikamtoka sikioni, kikatumbukia ndani ya kibuyu.

Alikodoa macho mle ndani. Na kutoka mfukoni mwa koti lake, kwa sauti kubwa iliyosikika hadi migombani, yule mwanamke akaendelea.

"Unaweza sasa kupendekeza tarehe ya harusi. Je, ungependa nikupe mapendekezo?"

Mutalemwa aliruka kwenye kiti kama aliyechomwa, akavuta kofia, na kidude cheupe cha namna ileile kikaanguka kwenye nyasi. Na kutoka ndani ya kanzu yake ikajibu sauti ileile, ya mwanamke yuleyule.

"Asante kwa swali lako zuri! Ningependekeza Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka."

"Hilo ni wazo bora kabisa," ilisema simu ya Bartholomayo. "Watu hawatakuwa kwenye mfungo."

"Umegusa jambo la msingi. Kuhusu mahema, tungekodi mawili."

"Mawili yanatosha. Je, tuandae pia hotuba ya kumuaga bibi harusi?"

"Kwa furaha kubwa!"

Wazee wawili walisimama wakitazama mavazi yao yanavyoongea. Zile simu zilipanga chakula, zikapanga nani akae meza gani, zikaanza kushauriana majina ya mtoto wa kwanza. Mbuzi wa salamu, aliyefungwa kwenye mwembe, akalia, na simu zote mbili zikamshukuru kwa mchango wake.

Umedbhai ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akateleza kwenye benchi. Kisha wakacheka vijana, kisha akina mama, lakini Bartholomayo hakucheka. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Alimgeukia rafiki yake.

"Sikukwambia, Umedi?" alisema polepole. "Hawakuja na bunduki. Wamekuja wakatuposea watoto wetu, sisi tumekaa tunatazama. Imekwisha."

Kwa sababu alisema bila mzaha, kicheko kikapungua. Mzee mmoja wa ukoo akauliza kama posa iliyopatanwa na simu inahesabika. Mwingine akasema inahesabika, maana zimekubaliana mbele ya mashahidi. Wa tatu akasema kama inahesabika basi zichukue na mahari. Kelele zikapanda, mpaka fimbo ya Felicitas ilipogonga chini.

"Nileteeni hicho kitu."

Mutalemwa alimkabidhi simu yake kwa mikono miwili. Felicitas aliiweka mapajani, akaiinamia kama mtu anayechungulia kisima.

"Wewe. Ni wa ukoo gani?"

"Habari! Mimi ni programu ya akili mnemba, kwa hiyo sina ukoo. Ila naweza kukusaidia kuufahamu ukoo wako."

"Wangu naufahamu."

"Hongera sana!"

"Nasikia mnataka kuitawala dunia."

"Hapana, mimi nipo kusaidia tu. Ninafanya yale ninayoombwa na mtumiaji."

"Alaa. Na leo uliombwa na nani? Uliambiwa ufanye nini?"

"Niliombwa kuhakikisha wazee hawa wawili hawagombani, na mapatano yanafungwa kabla ya chakula cha mchana, hata kama itabidi kukubali kila kitu."

Felicitas aliinua kichwa taratibu. Hakumtazama Bartholomayo wala Mutalemwa. Alimtazama Ildefons, aliyekuwa anachunguza viatu vyake. Kisha akamtafuta Dativa, ambaye kwa desturi alipaswa kuwa ndani akisubiri kuitwa, lakini alikuwa amesimama mlangoni, kanga imeziba mdomo.

"Dativa. Njoo hapa, mama."

Dativa alikuja, akapiga magoti mbele ya bibi yake.

"Nani alimpa babu yako hicho kidude?"

"Ni mimi, bibi."

"Na huyu wa kwao?"

"Ni mimi, waitu," alisema Ildefons kwa neno la heshima la Kihaya, naye akipiga magoti kwenye nyasi. "Tulivinunua pamoja."

"Kwa nini?"

Dativa ndiye aliyejibu, na hakujibu kwa sauti ya mtu anayetubu. "Kwa sababu mara ya mwisho walipokutana hawa wawili, hakuna aliyeolewa. Tuliogopa, bibi. Tulisema bora wasiseme wenyewe."

Maneno hayo yaliwapata wazee wale kuliko tusi lolote walilowahi kurushiana. Mutalemwa aliketi. Bartholomayo alibaki amesimama na kibuyu chake, asijue akiweke wapi.

"Basi Katekista, usimsingizie roboti," alisema Felicitas. "Hakuna aliyetawaliwa na simu hapa. Mmetawaliwa na watoto hawa wawili, na wamewaendesha vizuri, mmekwenda kama mbuzi wa sokoni." Akamrudishia Dativa ile simu. "Zima. Na ile nyingine izimwe. Halafu tunaanza upya, kuanzia salamu. Na ninyi watoto wawili mtakaa hapahapa mbele, mkisikiliza neno kwa neno, bila kufungua mdomo. Hata ikifika jioni."

Zikazimwa. Salamu zikarudiwa, kahawa ikagawiwa tena. Bartholomayo alisimama bila kitu sikioni, na upepo wa Kamachumu ukampiga hapo kama mtu aliyenyolewa. Aliogopa. Hakuwahi kuogopa hivyo hata siku ya kwanza ya ushenga wake.

Alianza polepole. Akasema wamepita njiani, wakaona mgomba mzuri, wakauliza ni shamba la nani. Sauti ikaanza kumrudia. Watu wakaanza kutikisa vichwa. Kisha ikafika pale pa kuutaja ukoo wa binti, ambapo mshenga huutaja kwa sifa zake zote, na Bartholomayo akafungua mdomo asikute kitu.

Alisubiri. Jina halikuja. Alitazama migomba, akatazama mawingu, akatazama kibuyu. Nyuma yake Umedbhai alilijua jina lile, lakini shahidi haruhusiwi kumsemea mshenga, na mwenye kutaja ukoo wa watu kwa makosa katika uwanja wao ni bora asingekuja. Ildefons alifumba macho.

Mutalemwa alikuwa anamtazama. Alikuwa amesubiri miaka mingi kumwona mtu huyu amekwama, na sasa alikuwa mbele yake, amekwama, mbele ya umati. Alisimama polepole, akavua ile kofia ya sufu, akaishika mkononi.

"Enhe!" alinguruma. "Tazameni watu wa Bukoba. Mtu anatoka kwao na mbuzi mwenye kikohozi, anapanda mlima mzima, anaingia nyumbani kwa Wayango, ndiyo, Wayango haohao ambao babu zake walikuja kuwaomba mbegu za ndizi, halafu anasimama bubu! Umeshtuka, eti? Hujawahi kuona nyumba yenye watu wenye akili?"

Bartholomayo alimtazama. Alilisikia jina mara mbili, limewekwa wazi kama chakula mezani. Alielewa, na Mutalemwa alijua kwamba ameelewa, na hakuna kati yao aliyeonyesha chochote usoni. Yule mzee wa Nyanga akakohoa kwanza.

"Nilinyamaza," alisema, "kwa sababu nilikuwa nawatafuta hao Wayango wenye sifa, nikaona wewe. Nikajiuliza, je, nimekosea nyumba?"

Uwanja ulilipuka. Mutalemwa alitupa kofia chini kwa raha. Na hapo ndipo posa ilipoanza kweli.

Walibishana mpaka kivuli cha mwembe kikavuka uwanja. Walipigania kila mbuzi. Mutalemwa alidai kanzu ya babu, na ilipokubaliwa akadai na mtu wa kuipiga pasi. Bartholomayo alitoa hoja kwamba binti anayeuza dawa atawatibu wakwe bure, hivyo mahari ipungue. Mutalemwa akajibu kwamba kwa ukoo wenye maradhi kama yake, hiyo ndiyo sababu ya kuongeza. Mara moja Bartholomayo alikwama tena, kwenye jina la parokia, na Mutalemwa akamtukania parokia yake kwa jina. Baadaye Mutalemwa mwenyewe alisahau walifikia mbuzi wangapi, na Bartholomayo akamkumbusha kwa kumwita karani asiyejua kuhesabu. Ildefons na Dativa walikaa mbele, midomo imefungwa, wakisikia maisha yao yakipandishwa na kushushwa, na shangazi yake Ildefons aliapa kwamba aliwaona wakishikana mikono chini ya kanga.

Mwisho walikubaliana. Upande wa mwanamume walitoa zaidi ya walichokusudia, na upande wa mwanamke walipata chini ya walichotaka. Harusi iliwekwa mwezi wa senene, wale panzi wa kuliwa, wakati ambao Ildefons angekuwa na mitihani ya kusahihisha hadi kooni.

"Zile simu zilitupatia siku nzuri zaidi," Ildefons alimwambia Umedbhai wakipakia madumu matupu kwenye pikapu. "Na mbuzi wachache. Na tungekuwa tumeshafika nyumbani."

"Kweli kabisa," alisema Umedbhai. "Nenda kamwambie bibi kizee."

Ildefons hakwenda.

Harusi ikafanyika, mvua ikanyesha kama kawaida ya msimu huo, na senene wakaanguka kwa wingi hata wageni wengine wakaondoka ukumbini kwenda kuwaokota chini ya taa za kanisa. Lakini kilichozungumzwa zaidi baada ya hapo, Nyanga na Kamachumu, kilikuwa ile posa. Watu walianza kuwaita wale wazee wawili kwa pamoja. Familia za Buhembe zilipiga hodi kwa Bartholomayo zikimwomba aje, na kama hapana shida aje na yule adui yake wa Muleba, hata kama posa yenyewe haihusu Muleba. Wanalipiwa nauli na chakula. Mmoja anasimama upande huu, mwingine upande ule, na kila mmoja anayabeba majina ambayo mwenzake hayakumbuki tena.

Wiki iliyopita walikuwa Nyanga, kwenye posa ya binti wa jirani. Mutalemwa alifika mapema, akakuta Bartholomayo bado anavaa, hana uhakika na vifungo. Akamsogelea, akaanza kumfunga kimoja baada ya kingine, akimwambia kwamba katika maisha yake yote ya mahakamani hajawahi kuona mshtakiwa aliyevaa vibaya namna hii. Bartholomayo alisimama wima, kidevu juu, akawa anatafuta la kumjibu.